Hodi za Tarakilishi

Mgeni mwenye adabu habishi hodi akaingia papo hapo. Hubisha, akangoja. Asipoitikiwa hubisha tena, na ya tatu ikipita kimya hugeuka akaenda zake. Sisi wa Kirinyaga hodi tumeipokea kutoka pwani pamoja na lugha yenyewe, na leo hata watoto wa chekechea hapa Kutus wanaijua. Hakuna sheria ya Bunge inayomlazimisha mtu kubisha hodi. Ni mapatano tu: nikisema hivi, nawe utajibu vile, na tusiposikizana tutafanya hivi.

Mapatano ya namna hiyo yakiwa kati ya tarakilishi na tarakilishi huitwa itifaki. Nimeamua kuandika juu yake katika jarida la chama chetu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu hudhani kwamba mambo ya tarakilishi hayazungumziki kwa Kiswahili, ati lazima mtu abadilishe ulimi. Pili, ukosefu wa itifaki uliwahi kuigharimu nyumba yetu shilingi 4,500, nami nikakosa masomo siku tatu. Subira, msomaji mpenzi, tutafika huko.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, walichapisha makala iliyoeleza jinsi mitandao isiyofanana inavyoweza kuunganishwa ikazungumza. Kutokana na kazi hiyo zilizaliwa itifaki mbili zinazokwenda pamoja kama uta na mshale, TCP na IP. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET uliacha itifaki yake ya zamani ukahamia hizo mpya, na mpaka leo intaneti ya dunia nzima imesimama juu ya msingi huo.

TCP huanza kwa hodi. Tarakilishi ya kwanza husema: "Hodi! Hesabu yangu inaanzia namba hii." Ya pili hujibu: "Karibu, nimeisikia hesabu yako. Yangu inaanzia namba hii." Ya kwanza humalizia: "Nami nimeisikia yako." Baada ya hatua hizo tatu ndipo mazungumzo huanza. Kila baiti inayotumwa ina nafasi yake katika hesabu, na mpokeaji hurudisha risiti akisema amefikia wapi. Risiti isiporudi, mtumaji hutuma tena. Zikifika zimepishana, mpokeaji huzipanga. Zikifika mara mbili, huchukua moja akatupa nyingine.

Kungoja nako kuna adabu yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 1986, njia kati ya maabara moja ya Berkeley, Marekani, na chuo kikuu kilicho karibu nayo ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40 tu. Umbali wenyewe ulikuwa kama mita 400, sawa na kutoka steji yetu hadi upande wa pili wa soko! Kila tarakilishi ilikuwa ikituma na kutuma tena, na marudio hayo yakaziba njia kama vile magari yote yakiingia makutano ya Kutus siku ya soko bila mtu wa kuyaongoza. Mtaalamu Van Jacobson alieleza dawa yake mwaka 1988. Punguza kasi unapoona njia imejaa, na kila ukikosa jibu, ngoja muda mrefu zaidi kuliko ulivyongoja mwanzo.

Hapa kwetu Kenya pia itifaki zina historia. Zamani, mtu wa Nairobi akimtumia barua-pepe mwenzake wa papo hapo Nairobi anayetumia kampuni nyingine, barua hiyo iliweza kupanda setilaiti, ikafika ng'ambo, ndipo irudi. Ni kama mtu wa Kerugoya apitie Mombasa kuja Kutus! Kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP kilifunguliwa Nairobi mwaka 2000, kikafungwa upesi kwa mzozo wa leseni, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Kampuni zikaanza kupeana ujumbe hapa hapa nyumbani. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Njia zilibadilika, lakini hodi ni ile ile ya TCP.

Sasa nirudi kwa zile shilingi 4,500.

Mama yangu huuza nyanya katika soko la Kutus. Huzinunua kwa kreti kutoka kwa mkulima mmoja wa upande wa Kimbimbi, na malipo hutumwa kwa simu. Siku moja muhula uliopita alituma pesa, simu ikazunguka weee, kisha ikanyamaza. Ujumbe wa kuthibitisha haukuja. Akampigia mkulima, simu yake imezimwa. Pikapu ya kubeba nyanya ilikuwa inangoja na dereva anapiga honi. Basi Mama akatuma tena. Jioni mtandao uliporudi, jumbe mbili ziliingia kwa pamoja kama mapacha. Pesa zilikuwa zimetoka mara mbili.

"Mama, mbona ulituma tena?" nilimuuliza.

"Sasa ningefanya aje? Si ilinyamaza!"

Mkulima si mwizi. Alidhani pesa za pili ni za wiki inayofuata, akazipeleka dukani kununua mbolea siku ile ile. Alizirudisha kidogo kidogo kwa nyanya, lakini wakati huo bei ya nyanya ilikuwa imeanguka. Zile 4,500 za pili ndizo zilizokuwa pesa zangu za chakula cha mchana shuleni. Kwa siku tatu nilikuwa sokoni nikipanga nyanya kwa mafungu badala ya kuwa darasani. Simlaumu mtu. Hata hivyo jibu la Mama lilinikaa kichwani. Si ilinyamaza!

Kimya, ndugu msomaji, kina maana mbili, na hapo ndipo ugumu ulipo. Huenda pesa hazikufika. Huenda zilifika, ila risiti ndiyo iliyopotea njiani. Kwa mtu aliyeshika simu pale sokoni, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Wataalamu wana kitendawili chao cha majemadari wawili walio juu ya vilima viwili, adui akiwa bondeni katikati. Lazima washambulie saa moja, ama sivyo watashindwa. Wa kwanza anatuma tarishi: "Kesho alfajiri." Je, tarishi alifika? Wa pili anatuma jibu: "Nimepata." Je, jibu lilifika? Basi wa kwanza atume risiti ya risiti, na wa pili risiti ya risiti ya risiti! Imethibitishwa kwa hesabu kwamba maadamu matarishi wanaweza kupotea, hakuna idadi ya risiti itakayowapa majemadari hao uhakika kamili.

Niliposoma hayo nilivunjika moyo kidogo. Nikajiuliza, ikiwa uhakika haupatikani, watu hufanyaje kazi? Jibu ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kwa kuwa huwezi kuzuia ujumbe usitumwe mara mbili, upange mambo ili kutumwa mara mbili kusidhuru. Upe kila ujumbe namba yake. Ukirudia, rudia na namba ile ile. Mpokeaji aangalie kitabu chake: akiona namba hiyo ameshaihudumia, asitende tena. Atoe risiti tu, basi.

Mimi na mwenzangu wa dawati, kwa idhini ya mwalimu wetu wa somo la tarakilishi, tuliamua kuijaribu hekima hiyo. Tuliandika programu ndogo kwa lugha ya Python ya kuagiza nyanya kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Tukaiandika kwa mtindo wa objekti, na hapa lazima nieleze, maana najua mtu ataniuliza: objekti ndiyo nini?

Hebu njoo steji ya Kutus. Katika matatu ninazopanda, makanga akigonga bodi mara moja dereva husimama, akigonga mara mbili dereva huondoa gari. Dereva hamuulizi makanga ana pesa ngapi mfukoni, na makanga hagusi gia. Kila mmoja ana mambo yake ya ndani na kazi zake, na kati yao kuna ishara chache walizopatana. Makanga wa leo akiugua, kesho huja mwingine, na maadamu anajua kugonga, gari litafika Kerugoya. Naam, hiyo ndiyo objekti: kitu katika programu chenye hali yake ya ndani na kazi zake, kisichoguswa na wengine isipokuwa kwa ishara zilizokubaliwa. Maelezo ya jumla yanayosema kila makanga awe na nini na ajue kufanya nini huitwa klasi. Makanga mmoja mmoja ndio objekti.

Mtindo huu si wa jana. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway waliutia katika lugha ya Simula miaka ya 1960, walipotaka programu za kuiga mambo ya dunia kama vile foleni. Miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake huko Marekani wakatengeneza Smalltalk, lugha ambamo kazi yote hufanyika kwa objekti kutumiana ujumbe. La kuajabia ni kwamba Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, Kay ya mwaka 2003, na Cerf na Kahn wa TCP ya mwaka 2004. Nadhani hawa wote walikuwa wakiuliza swali moja: wawili wasioonana ndani watasikilizanaje?

Sasa programu yetu. Klasi ya kwanza tuliiita Ujumbe. Kila ujumbe una namba, na unajua kujifunga kuwa baiti za kusafiri. Kutokana na Ujumbe tulizaa klasi tatu, Ombi, Risiti na Kataa. Watoto hawa wamerithi namba na ujuzi wa kujifunga kutoka kwa mzazi, kisha kila mmoja akaongeza yake. Ombi lina bidhaa na idadi, Risiti haina haja ya bidhaa, Kataa ina sababu. Tukitaka aina ya nne kesho, tutazaa mtoto mwingine bila kuvunja nyumba.

Kufunga ujumbe kuna siri yake. TCP huleta baiti kwa mpangilio, lakini haijui ujumbe mmoja unaishia wapi. Ni kama maji ya mfereji wa Mwea. Jirani wawili wakimimina ndoo zao juu, aliye chini huona maji tu, haoni ndoo. Kwa hiyo kila ujumbe wetu hutanguliwa na tarakimu nne zinazotaja urefu wake. Ombi la namba 17 husafiri hivi:

0023OMBI|17|NYANYA|KRETI 12

Hesabu mwenyewe herufi, alama na nafasi baada ya zile tarakimu nne za mwanzo, utapata 23. Mpokeaji husoma tarakimu nne, akajua amebakisha 23, akazisoma, akakata hapo. Kinachofuata ni ujumbe mwingine.

Kisha kuna klasi Mtumaji na Mpokeaji. Mtumaji huwa katika hali moja kati ya tatu: yu huru, anangoja risiti, au amekata tamaa. Akiwa anangoja, hatumi ombi jipya. Hungoja sekunde 5, akikosa jibu hutuma lile lile na kungoja 10, kisha 20. Baada ya hapo humwambia mwenye kiti ukweli: "Sijui kama limefika." Neno hilo tulilijadili sana. Mwenzangu alitaka iandikwe "Limeshindwa." Nilimkatalia, kwa sababu "limeshindwa" ndilo neno linalomfanya mtu atume pesa mara ya pili.

Mpokeaji naye ana kitabu. Ombi likija hutazama namba. Ikiwa mpya, huandika kitabuni kwanza, ndipo atume risiti. Mpangilio huo si wa kubahatisha. Akianza na risiti na stima ikapotea kabla hajaandika, mtumaji ataamini ilhali kitabu hakina kitu. Aidha kitabu lazima kikae kwenye diski, si katika kumbukumbu ya muda, maana hapa Kutus stima tunazijua.

Mtu ataniuliza tena: kwani TCP haitupi marudio? Mbona namba zenu wenyewe? Swali zuri. TCP hukumbuka hesabu yake kwa muda wa mazungumzo mamoja tu. Mazungumzo yakikatika na mengine yakaanza, ni hodi mpya na hesabu mpya, wala haijui kwamba ombi hili liliwahi kuja. Kumbukumbu ya kudumu ni kazi ya mwenye programu.

Ilipofika kujaribu, objekti zilitufaa kuliko tulivyotarajia. Chumba chetu cha tarakilishi hakina mashine za kutosha, na kila darasa lina zamu yake. Basi tuliunda klasi Waya yenye ishara mbili tu, tuma na pokea, tukazaa watoto wawili. WayaHalisi hutumia mtandao wa kweli. WayaMbovu haendi popote: huishi ndani ya mashine moja, na kila ujumbe wa tatu huumeza makusudi. Mtumaji hajui amepewa yupi, kama vile dereva asivyojali makanga ni nani. Hivyo tuliweza kuonja ubaya wote wa mtandao kwa mashine moja, hata siku ambazo mtandao wenyewe haukuwako.

Siku ya kujaribu waya halisi, mwenzangu alikaa kwa mpokeaji, mimi kwa mtumaji. Nilituma ombi la kreti 12. Mpokeaji tulikuwa tumemwambia akawie kidogo kabla ya kujibu, na mara tu maandishi yalipotokea kwake, mwenzangu aling'oa waya. Upande wangu ulikuwa kimya kabisa, sekunde 5, kisha 10. Nikamfikiria Mama na ile pikapu inayopiga honi. Programu ikavunja mazungumzo, waya ukarudishwa, hodi mpya ikapigwa, ombi la 17 likaenda tena. Risiti ikaja. Tukakimbilia kitabu: kreti 12, si 24. Tulipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa jirani akachungulia mlangoni.

Jioni hiyo nilimweleza Mama. Hakujali mambo ya klasi na baiti, ila alielewa namba mara moja, kwa kuwa aliona jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona. "Kila wiki namtumia kiasi kile kile," alisema. "Nikimuuliza kama amepata 4,500, atasema ndiyo, kumbe anasema ya wiki jana!" Siku iliyofuata alinunua madaftari mawili ya shilingi thelathini thelathini, moja lake na moja la mkulima. Kila malipo sasa yana namba, na wote wawili huandika. Wamepatana pia jambo la kufanya wakati wa kimya: simu ikinyamaza, Mama hatumi tena kabla ya kuuliza, na mkulima akiwa hapatikani, kreti zitabebwa kwa ahadi mpaka apatikane.

Majuzi mtandao ulinyamaza tena. Nilikuwa karibu naye. Alimpigia mkulima akamuuliza, "Thelathini na moja imefika?" Nikasikia karatasi zikifunguliwa upande wa pili. "Thelathini na moja ninayo, mama." Hakutuma tena. Muhula huu sijakosa chakula wala darasa.

Wenzangu wa somo la tarakilishi, mwaka ujao tutakuwa Kidato cha Nne na tutatakiwa kufanya mradi. Ombi langu ni kwamba kabla hujawasha mashine, chukua karatasi ujibu maswali matatu. Nani ataanza kusema? Mwenzake anaruhusiwa kujibu nini? Kukiwa kimya, kila mmoja afanye nini? Ukiyajibu hayo, klasi zako zitajitokeza zenyewe, na Kiswahili kitakutosha kuyaandika. Nanyi wa masomo mengine, msidhani itifaki ni mali ya mashine. Ziko sokoni, ziko stejini, ziko mlangoni kwenu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami, kwa heshima zao, naongeza kwamba hata kuuliza mara ya pili si ujinga, mradi swali liwe na namba yake.